Mgongo wa mrushaji wa kasi una bei gani?

Julai 2024, James Anderson alipoiaga kriketi ya Testi kwenye uwanja wa Lord's, London, kumbukumbu zilionyesha kwamba alikuwa amerusha mipira 40,037 katika mechi 188. Hakuna mrushaji mwingine wa kasi aliyewahi kufika 40,000. Magazeti yalizipa nafasi kubwa wiketi zake 704, na ni haki yake, lakini kwa anayetaka kujua kazi hii inaugharimu nini mwili, namba ya kutazama ni ile ya mipira.

Tupige hesabu ya haraka. Tukadirie kwamba kabla ya kila mpira Anderson alikimbia mita 25. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,000 za mbio, yaani kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi, kisha umbali huohuo akitembea kurudi mahali pa kuanzia. Mbio hizo peke yake haziumizi mtu. Kinachoumiza ni hatua ya mwisho. Mguu wa mbele unapotua, mwili uliokuwa kwenye kasi unasimama ghafla, kiwiliwili kinajipinda na kuinamia upande mmoja, mkono unapita juu ya kichwa na mpira unaondoka. Vipimo vya maabara huonyesha kwamba katika tendo hilo ardhi humrudishia mrushaji msukumo wa mara 5 hadi 8 ya uzito wake, na wengine huzidi hapo. Mtu wa kilo 80, tukimpa mara 6 tu, anabeba kilo 480 kwa kila mpira. Zidisha kwa 40,037 na unapata zaidi ya tani 19,000, zote zimepitia kifundo kimoja, goti moja na pingili za chini za mgongo mmoja.

Msomee shabiki mzee wa Yorkshire hesabu hiyo, atakucheka. Atakutajia Fred Trueman, mrushaji wa kwanza duniani kufikisha wiketi 300 za Testi, mwaka 1964 kwenye uwanja wa The Oval. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kama yupo atakayeivunja rekodi ile, Trueman alijibu kuwa yeyote atakayeivunja atakuwa hoi bin taabani. Rekodi imevunjwa mara nyingi, na baadhi ya walioivunja walikuwa hoi kweli. Ila mzee wetu ana hoja. Testi zilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi ya Trueman. Ukijumlisha mechi zote za daraja la kwanza, za kaunti, za ziara na za taifa, alicheza mechi 603 na kurusha mipira 99,701. Mwenzake Brian Statham wa Lancashire alirusha 100,955. Alec Bedser wa Surrey, ambaye kasi yake ilikuwa ya wastani, alifika 106,118. Maurice Tate wa Sussex, naye wa kasi ya wastani, kati ya vita viwili vikuu vya dunia na miaka ya karibu yake alirusha 150,461.

Hapo ndipo mabishano huanza kila mara kocha anapompumzisha kijana mwenye mkataba mnono. Wazee walirusha mara mbili ya hawa wa leo, kwa ujira wa kima cha chini, bila daktari wa timu, bila bafu la barafu, na bado walirudi kesho yake. Hawa wa leo wamedekezwa.

Hesabu ya walivyorusha ni sahihi. Hitimisho ndilo lenye kasoro, na ili kuiona kasoro hiyo lazima kwanza tukubaliane tunapima nini.

Tuanze na Testi peke yake, ile mechi ya kimataifa ya siku 5, na tugawe mipira kwa idadi ya mechi. Bedser, mipira 15,918 katika mechi 51, ni 312 kwa mechi. Dennis Lillee wa Australia, miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, ni 264. Richard Hadlee wa New Zealand ni 255. Glenn McGrath ni 236. Statham ni 229, Trueman na Courtney Walsh wote karibu 227, Malcolm Marshall 217, Anderson 213. Wasomaji wa Nairobi watamkumbuka Walsh: alikuwemo kwenye kikosi cha West Indies kilichochapwa na Kenya mjini Pune kwenye Kombe la Dunia la 1996, na hata siku hiyo alichukua wiketi zake 3.

Ukimtoa Bedser aliyeko juu peke yake, namba hizi zimekaribiana kuliko mabishano yanavyoashiria. Trueman na Walsh wametenganishwa na karibu miaka 50 kati ya kuanza kwa mmoja na kustaafu kwa mwingine, lakini kwa kila Testi walifanya kazi ileile. Siku moja ya Testi haijabadilika sana kwa mrushaji. Ni kweli kwamba zamani ova 20 kwa saa, kila ova mipira 6, zilikuwa jambo la kawaida, na leo timu zinahangaika kutimiza ova 90 kwa siku nzima na nyingine zinatozwa faini kwa kuchelewa. Lakini zamani pia warushaji wa mzunguko walichukua sehemu kubwa ya ova zile, na leo timu nyingi huingia na warushaji wa kasi wanne. Tofauti imejifuta yenyewe kwa kiasi kikubwa.

Tofauti halisi iko nje ya Testi. Katika miaka ya 1950 kila kaunti ya Uingereza ilicheza mechi 28 za ubingwa kwa msimu, kila moja ya siku 3. Zote zilibanwa kati ya mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei na mwanzo wa Septemba. Wiki ya kawaida ilikuwa na mechi mbili na Jumapili ya kupumzika. Leo ubingwa wa kaunti una mechi 14 za siku 4. Gawa mipira ya Trueman kwa mechi zake 603 na utapata 165 kwa mechi. Mechi mbili kwa wiki, mipira 330. Wiki baada ya wiki, miezi minne na zaidi.

Sasa ilinganishe 330 hiyo na utafiti uliochapishwa Australia mwaka 2003, uliowafuatilia warushaji wa kasi wa ngazi ya juu na kuhesabu mipira yao ya mechi na ya mazoezi. Waliorusha kwa wastani zaidi ya mipira 188 kwa wiki waliumia zaidi. Kwa kipimo hicho Trueman angepaswa kuwa amelazwa hospitalini kila Juni. Lakini utafiti uleule una upande wa pili ambao hautajwi sana: waliorusha chini ya mipira 123 kwa wiki nao waliumia zaidi. Na waliopumzika siku 5 au zaidi kati ya zamu moja na nyingine hawakuwa salama kuliko waliopumzika siku 3 au 4.

Mwaka 2009 daktari John Orchard na wenzake wakaongeza kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kinachofungua fumbo lote. Mrushaji aliyerusha zaidi ya ova 50 katika mechi moja, yaani mipira 300, alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia, lakini si siku ile wala wiki ile. Hatari ilijitokeza katika wiki 3 hadi 4 zilizofuata. Mfupa haulalamiki papo hapo. Unapasuka vinyufa vidogo visivyoonekana, unaanza kujijenga upya, na katika kujijenga hupita kwanza kwenye kipindi cha udhaifu. Ukiupiga tena ukiwa katika hali hiyo, unavunjika. Kwa warushaji wa kasi mahali penyewe panajulikana: pingili za chini kabisa za uti wa mgongo, upande ulio kinyume na mkono unaorusha. Kwa vijana ambao mifupa yao haijakomaa ni rahisi zaidi, na ndiyo maana kwa miaka mingi Uingereza imewawekea watoto kikomo cha ova kwa zamu na kwa siku kulingana na umri.

Ukiunganisha tafiti hizo mbili, unapata jambo ambalo wingi wa mipira peke yake hauwezi kulionyesha. Mwili hauogopi kazi nyingi kama unavyoogopa kazi iliyozidi ghafla. Mrushaji aliyezoea 330 kwa wiki akipewa 400, ameongezewa moja ya tano hivi. Aliyezoea 70 akipewa 300, kazi yake imepanda hadi zaidi ya mara nne. Huyo wa pili amerusha michache kuliko wa kwanza, na ndiye atakayeonekana mwezi ujao akiingia kwenye mashine ya vipimo. Wataalamu wa michezo waliligeuza wazo hili kuwa fomula, wakigawanya kazi ya wiki hii kwa wastani wa wiki nne zilizopita. Wanatakwimu wameikosoa fomula hiyo vikali, na sehemu ya ukosoaji wao ni ya haki, kwa sababu mgawanyo mmoja hauwezi kubeba usingizi, umri, mtindo wa kurusha na historia ya majeraha. Wazo lililo chini yake limebaki limesimama.

Trueman, basi, aliifikia 330 polepole kila msimu, akabaki palepale, na Septemba akaacha. Majira ya baridi ya Uingereza yaliupa mfupa wake miezi ya kujijenga, labda awe kwenye ziara, na ziara za Australia zilianza kwa wiki kadhaa za meli ambako hakuna anayerusha mpira. Sisemi kwamba wakuu wa kaunti walikuwa wamesoma sayansi ya mifupa. Walikuwa wakijaza ratiba na kuuza tiketi, na ikatokea kwamba ratiba yao ngumu ilikuwa na mdundo wa kueleweka.

Bado kuna shimo katika hoja ya mzee wa Yorkshire. Anatutajia waliobaki.

Mchukue Tom Richardson wa Surrey. Kati ya 1894 na 1897 alichukua wiketi 1,005 katika misimu minne ya Uingereza: 196, 290, 246 na 273. Julai 1896, Old Trafford, Manchester, dhidi ya Australia, alirusha ova 68 katika ngwe ya kwanza na ova 42 na mipira 3 katika ngwe ya pili. Ova za wakati ule zilikuwa na mipira 5, kwa hiyo jumla ni mipira 553 katika mechi moja, karibu maradufu ya kikomo cha Orchard. Katika ngwe ile ya pili alirusha saa tatu bila kupumzishwa, Australia ikitafuta mikimbio 125 tu. Alipata wiketi 13 katika mechi na Uingereza ikapoteza kwa wiketi 3. Mwandishi Neville Cardus alisimulia baadaye kwamba Richardson alibaki amesimama uwanjani ameduwaa wenzake wakiwa wameshaondoka. Wengine wakasema uongo mtupu, alikuwa wa kwanza kufika chumbani na akamaliza painti mbili za bia kabla wenzake hawajavua viatu. Cardus alikuwa na miaka 8 mwaka ule. Mimi nawaamini zaidi wa bia.

Jambo lisilobishaniwa ni kilichofuata. Richardson alicheza Testi yake ya mwisho mwaka 1898 akiwa na miaka 27. Aliendelea na kaunti kwa miaka kadhaa, lakini kasi ile haikurudi, na mwaka 1912 akafariki akiwa na miaka 41.

Harold Larwood alitoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Nottinghamshire, na katika ziara ya Australia ya 1932-33 ndiye aliyekuwa silaha ya nahodha Douglas Jardine dhidi ya mpigaji Don Bradman. Alichukua wiketi 33 katika Testi 5. Katika Testi ya mwisho, Sydney, mifupa ya mguu wake wa kushoto, ule unaotua, ilivunjika katikati ya zamu yake. Jardine alimkatalia kutoka uwanjani maadamu Bradman yungali anapiga. Akabaki amesimama pale, hawezi kurusha wala kukimbia, ili Bradman asijue. Bradman alipotolewa, wote wawili wakatembea pamoja kutoka uwanjani bila kusemezana. Larwood alikuwa na miaka 28 na hakucheza Testi tena, ingawa siasa za ziara ile zilichangia kama ulivyochangia mguu.

Frank Tyson aliitikisa Australia mwaka 1954-55 kwa wiketi 28, akaishia Testi 17, akaacha kriketi ya kaunti akiwa na miaka 30. Hawa ndio wenye majina. Vijana waliojaribiwa na kaunti msimu mmoja, mgongo ukauma, wakaambiwa ni baridi yabisi na kurudishwa kiwandani, hawamo kwenye orodha yoyote ya mipira 100,000. Orodha hiyo inawahesabu waliohimili peke yao. Mwaka 1973 Lillee alipopatikana na nyufa za mgongo na kufungwa plasta kwa wiki kadhaa, habari yenyewe ilikuwa kioja: kumbe maumivu haya yana jina. Picha za sumaku zinazoonyesha mfupa ukianza kuvimba kabla haujapasuka zilikuja baadaye. Kwa hiyo ukisikia kwamba majeraha ya mgongo yameongezeka, jiulize yalikuwa yakihesabiwa vipi kabla ya mashine hizo.

Kisha kuna kasi yenyewe. Shoaib Akhtar wa Pakistan, aliyepimwa kilomita 161.3 kwa saa kwenye Kombe la Dunia la 2003, alirusha mipira 8,143 tu katika Testi zote za maisha yake. Jeff Thomson, aliyepimwa zaidi ya kilomita 160 katikati ya miaka ya 1970, 10,535. Michael Holding 12,680. Brett Lee 16,531. Dale Steyn, 18,608, na bega lake lilivunjika Perth mwaka 2016 akiwa katikati ya zamu. Ziweke namba hizo kando ya 40,037 za Anderson, aliyekaa zaidi kwenye kilomita 130 na kitu, na za Bedser na Tate wa kasi ya wastani. Kadiri spidi inavyopanda ndivyo akiba ya mipira inavyopungua. Mitchell Starc wa Australia ameivuruga picha hii kidogo: alipofikisha wiketi ya 400 katika Testi yake ya 100, Kingston, Julai 2025, alikuwa ameshapita mipira 19,000 kwa kasi ya kilomita 140 na zaidi. Tutamrudia, kwa sababu alichofanya kupata mipira hiyo kina somo la kihesabu.

Tuje kwenye wakati wetu. Mashindano ya T20 humpa mrushaji ova 4 tu kwa mechi, mipira 24. Ligi ya India, IPL, ina mechi 14 za makundi, mbili au tatu kwa wiki. Hiyo ni mipira 48 hadi 72 ya mechi kwa wiki, na mazoezi juu yake, kwa miezi miwili. Kwa kipimo cha tani hakuna kazi nyepesi zaidi katika kriketi ya kulipwa. Kwa kipimo cha mruko wa ghafla wa kazi ni mtego. Mwaka 2023 fainali ya IPL iliangukia Mei 29, na fainali ya ubingwa wa dunia wa Testi ikaanza Juni 7, The Oval. Siku 9. Mohammed Shami wa India alicheza zote mbili. Kutoka ova 4 kwa mechi, alipanda hadi zaidi ya ova 40 katika mechi moja. Wapangaji wa ratiba wa Surrey na Yorkshire miaka ya 1950, pamoja na ukatili wao wote, hawakuwahi kumfanyia mtu hivyo.

Na majira ya kupumzika hayapo. IPL ikiisha kuna msimu wa Uingereza, kisha ligi ya Caribbean, kisha Australia, na tangu Januari 2023 Dubai, Abu Dhabi na Sharjah nazo zina ligi yao. Mrushaji anayekubali kila mwaliko huvuka mwaka mzima akipanda na kushuka, wiki hii mipira 50, wiki ijayo 250, kisha ndege, kisha 24.

Jasprit Bumrah wa India ndiye anayetufundisha haya kwa gharama yake mwenyewe. Machi 2023 alifanyiwa upasuaji wa mgongo New Zealand. Alirudi, na mwaka 2024 akarusha ova 357 katika Testi 13, mipira 2,142, wiketi 71. Wastani ni mipira 165 kwa Testi, chini sana ya Bedser, chini hata ya Anderson. Kisha ikaja ziara ya Australia. Siku ya 4 ya mechi ya Melbourne, mwishoni mwa Desemba 2024, jua limeshamchosha kila mtu, Australia imebakiwa na wiketi moja na haitaki kutoka. Nahodha Rohit Sharma anamtaka Bumrah aendelee. Kipaza sauti cha kwenye vijiti kiliripotiwa kumnasa akimwambia kwa Kihindi kwamba basi, nguvu haipatikani tena. Katika ova ya mwisho ya siku alimtoa Nathan Lyon, mpira ukadakwa, kisha mwamuzi akanyoosha mkono: mguu umevuka mstari, mpira haukubaliki. Wanaojua kazi hii watakwambia mguu unaovuka mstari mwisho wa siku ndefu ni mguu uliochoka. Kesho yake asubuhi akammaliza Lyon kihalali. Jumla yake katika mechi ilikuwa ova 53 na mipira 2, yaani mipira 320.

Siku chache baadaye, Sydney, akiwa nahodha wa muda, alirusha ova 10, akatoka uwanjani kwenda kupimwa mgongo, na hakurusha tena. Mfululizo mzima: mipira 908, wiketi 32. Akalikosa Kombe la Mabingwa la 2025. Shane Bond, mrushaji wa zamani wa New Zealand ambaye mgongo wake mwenyewe ulimwishia kwenye Testi 18, alionya hadharani kwamba jeraha jingine mahali palepale linaweza kumaliza kazi ya Bumrah, na kwamba wakati wa hatari ni pale anapotoka T20 kuingia Testi. India ikaamua: Uingereza, majira ya joto ya 2025, Bumrah atacheza Testi 3 kati ya 5. Mohammed Siraj alicheza zote 5 na kurusha mipira 1,113, wiketi 23, ya mwisho ikiipa India ushindi wa mikimbio 6 kwenye The Oval asubuhi ya Agosti 4.

Watu wakauliza: kama Siraj aliweza, kwa nini Bumrah apumzishwe? Ni swali lilelile la mzee wa Yorkshire. Mwaka 1953, katika Testi 5 dhidi ya Australia, Bedser alirusha karibu mipira 1,590 na kuchukua wiketi 39. Kwa mizani ya Bedser hata Siraj alikuwa likizo. Lakini mgongo wa Siraj haujapasuliwa, na kasi ya Bedser isingemfanya mpigaji wa leo mwenye kofia ya chuma aogope. Kumpa kila mmoja kikomo kimoja ni uvivu wa kufikiri, hata kama kikomo hicho kimeandikwa na daktari.

Tumalizie na pesa, maana ndizo zinazopanga ratiba. Mwaka 1978, baada ya Kerry Packer kuwanyakua wachezaji kwa ligi yake binafsi, ujira wa mchezaji wa Uingereza kwa Testi moja ulipandishwa kutoka pauni 210 hadi 1,000. Kwa mrushaji wa mipira 220, hizo ni kama pauni 4 na nusu kwa mpira. Desemba 2023, kwenye mnada uliofanyika Dubai, Starc alinunuliwa na timu ya Kolkata kwa rupia milioni 247.5. Hata kama angerusha kila mpira unaoruhusiwa katika mechi 14, mipira 336, kila mmoja ungegharimu rupia 736,000 hivi, karibu dola 8,900. Kabla ya hapo Starc alikuwa amekaa nje ya IPL tangu 2015, misimu mingi kwa hiari yake, akiulinda mwili kwa ajili ya Testi. Zile 19,000 alizinunua kwa misimu mingi ya mapato aliyoyaacha mezani.

Kwa Bumrah hesabu iko wazi zaidi. Timu ya Mumbai ilimbakiza kwa rupia milioni 180 kwa msimu wa 2025. Gawa kwa 336: karibu rupia 536,000 kwa mpira. Testi moja humlipa mchezaji wa India milioni 1.5, kwa hiyo mipira ile 320 ya Melbourne ilikuwa rupia 4,700 hivi kwa mmoja. Tuwe waungwana, tuongeze mkataba wake wa wakati ule wa milioni 70 kwa mwaka na tuuhesabu wote kwenye Testi, ingawa unalipia mengine pia: kwa mipira 2,142 ya 2024 tunapata rupia 42,000 kwa mpira. Machi 2024 bodi ya India ilitangaza nyongeza ya hadi milioni 4.5 kwa mechi kwa anayecheza zaidi ya robo tatu ya Testi za msimu. Mpe zote kwa mechi zote 13, na bado unafika 69,000 tu. Mpira wa IPL unabaki na thamani ya karibu mara 8.

Na mpira wa bei hiyo hurushwa mara 24 jioni moja, mrushaji akaenda kulala. Ule wa rupia 69,000 ndio unaorushwa mara 320 katika mechi moja, na ndio uliomtoa Sydney.

Septemba 2025 Starc alitangaza kwamba anaacha kuichezea Australia mechi za T20 ili abaki na nguvu za Testi na za Kombe la Dunia la 2027. Ligi ya India haikuwemo katika tangazo hilo.